Aliyeazima Jioni ya Ligo

Velga, mkutubi wa kijiji, alisahau jibini ya sikukuu maktabani. Ni jibini hiyo tu iliyomtoa nyumbani jioni ya tarehe ishirini na tatu Juni, wakati kijiji kizima kinasuka mashada ya majani ya mwaloni na vijana wanarundika kuni za moto wa Ligo, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kilimani. Saa tatu na nusu usiku, na jua la kaskazini bado lilikuwa limegoma kuzama.

"Usichelewe, mama," binti yake Madara alimwambia, amempakata Reinis kifuani. "Na usianze kupanga vitabu!"

Reinis alikuwa na wiki sita. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, na daktari alishaonya: mtoto huyu asikose kunyonya hata mara moja.

Njiani Velga alimkuta jirani yao, Ilva, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake akimnyonyesha binti yake.

"Bi Velga! Unakwenda kuwafungulia mizimu? Vitabu vya ile rafu yako havijaazimwa hata na nzi."

"Cheka tu. Wenzako mjini wanavitafuta kwa tochi."

"Basi waje na tochi zao!"

Rafu yenyewe ilikuwa fahari ya Velga. Kila mwaka aliandika gazetini orodha ya vitabu vya kusoma kiangazi, na vyote vilikuwa vya miungu ya kale, jua na mizimu. Kila kitabu alikibandikia kadi ya kukisifia kwa mwandiko wake. Kuamini? Hata chembe. Kwake yalikuwa mambo ya kusoma kivulini huku unakula matunda.

Alipofungua mlango wa maktaba, harufu ilimpiga puani. Maziwa yaliyochacha. Akadhani jibini imeharibika, akaenda kufungua friji.

Jibini ilikuwa nzima.

Akageuka...

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya rafu.

"Tumefunga, mama," Velga alisema.

"Mlango ulikuwa wazi." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. Sketi yake ililowa hadi magotini, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. "Nimesoma orodha yako. Wewe ndiye unayependekeza?"

Hapo ndipo Velga alipokwisha. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Sifa ikamlevya, akasahau kuuliza hata jina.

"Ndiye mimi."

"Nipendekezee kimoja. Kinachofaa nyumba yenye mtoto mchanga."

Velga alichomoa kile alichokipenda kuliko vyote. Mwanamke akasoma kadi polepole, kwa sauti: "'Hapa utajua kwa nini mababu zetu hawakumwazima mtu kitu jioni ya Ligo, hata chumvi. Mchawi akiazima, huondoka na maziwa ya nyumba.'" Akainua macho. "Una mwandiko mzuri."

"Hadithi tu hizo," Velga alicheka.

"Basi niazime."

Akamwazima. Kwa mkono wake mwenyewe.

"Siku ishirini na moja," alisema kwa mazoea.

"Zinanitosha."

Aliporudi nyumbani, kodiani zilikuwa zinalia kilimani na watu wanaimba. Madara alikuwa amekaa kitandani na blauzi wazi.

"Mama..." alisema. "Hayatoki."

"Hayatoki nini?"

"Maziwa! Yamekatika ghafla, kama bomba lililofungwa."

Walijaribu chupa. Reinis akageuza uso. Usiku uleule wakamkimbiza hospitali, na Ilva akafuatana nao bila kuombwa. Alimweka mtoto kwenye titi lake mwenyewe, akambembeleza, "Nyonya, baba, nyonya, hapa ni kwako pia." Mtoto alifumba mdomo. Wakampitishia mpira puani, na kila kilichoingia kilitoka. Kufikia jioni ya pili alikuwa hana nguvu ya kulia. Daktari alisema wasubiri, lakini alisema bila kumtazama mtu machoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Velga aliyatazama ya kwake yakihema kwa shida ndani ya kitanda cha kioo, akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Kisha akachukua funguo za gari, akarudi kijijini peke yake.

Nyuma ya maktaba kulikuwa na uwanda wa majani, na kitabu kile kilisema mchawi hukamua maziwa ya watu kutoka kwenye umande. Jua lilikuwa linazama.

Fyaa... fyaa... fyaa...

Mwanamke alikuwa anakokota shuka jeupe juu ya umande. Alisimama, akalikamua ndani ya ndoo.

Kilichotoka kilikuwa cheupe.

"Nirudishie," Velga alisema.

"Siku ishirini na moja. Kanuni ni yako."

"Hatafika! Nakuomba, nakupigia magoti, chukua changu!"

"Wewe ulikauka zamani."

Velga alilia kwa sauti, uso ardhini, bila aibu. Mwanamke alimngoja amalize. Ile harufu ya maziwa yaliyochacha ilimjaa Velga puani.

"Nyumba yako nitaiachia," mwanamke alinong'ona. "Ila nipendekezee nyingine."

"Nenda kwa wenye ng'ombe..."

"Ng'ombe nimewachoka."

Velga aliwaza kwamba binti wa Ilva alizaliwa na kilo nne. Mnono. Huyo hakosi kukubali chupa. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia, na kila bibi angefanya vivyo hivyo. Mkono wake ukainuka, kidole kikaonyesha nyumba yenye ngazi.

"Usionyeshe. Pendekeza."

"Ana... ana maziwa mengi. Hana choyo. Hata mtoto wa mwenzake humpa."

"Vizuri," mwanamke alisema. "Kazi yako unaijua."

Simu ilimlilia Velga mfukoni. Ni Madara, anacheka na kulia kwa pamoja: yamerudi, mama, yamerudi, ananyonya! Velga alipoinua kichwa, uwandani hapakuwa na mtu. Kitabu kilikuwa kwenye majani, kimelowa chapachapa.

Siku ya tatu baada ya hapo Ilva aliingia maktabani. Hakutania. Nywele zilikuwa timutimu, na binti yake alikuwa begani, amelegea, midomo imekauka.

"Chupa anaikataa," alisema. "Hospitali wamesema nimrudishe kesho wamlaze. Bi Velga, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Nilikuwa nakucheka, unisamehe. Kile kitabu cha maziwa... pengine kinasema yanarudishwaje. Niazime."

Kitabu kilikuwa kwenye droo, chini ya mkono wa Velga. Kilikuwa hakijakauka.

"Kimeazimwa," Velga alijibu.

"Kinarudi lini?"

"Siku ishirini na moja."

Ilva alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yeye.

"Bi Velga... huyu hatafika."

Velga aliusikia umande ukipenya kwenye ubao wa droo na kumlowesha vidole. Hakuuondoa mkono.