Cherehani Chini ya Dirisha

Kila asubuhi Chiriku aliamka, akafagia chumba, akachemsha chai, akamnawisha uso mdogo wake, kisha akaipangusa cherehani ya mama. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemtuma. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe na vumbi halikuwa na pa kutua, lakini aliipangusa hivyo hivyo kabla ya kwenda shule.

Zamani nyumba hii haikuhitaji saa. Mama yao alikuwa fundi wa nguo, na mlio wa cherehani yake ndio uliowaamsha. Jioni Chiriku alikaa mkekani mbele ya cherehani, akaokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka huku akisimulia habari za shule: nani kagombana na nani, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana. Alisema mpaka hata sindano ikachoka kusikiliza. Ndiyo maana akapewa jina la ndege yule asiyejua kufunga mdomo. Mama hakumnyamazisha hata siku moja.

"Endelea," alikuwa akisema, pini zikiwa mdomoni. "Sikio la kulia ni la cherehani. La kushoto ni lako."

Sasa mama alikuwa amelazwa hospitalini, ghorofa ya tatu, katika wodi ya wagonjwa wa kifua. Watoto hawakuruhusiwa kuingia humo wasije wakaambukizwa. Kila Jumapili baba yao, fundi bomba, aliwaacha Chiriku na mdogo wake uani, akapanda ngazi peke yake. Baada ya muda dirisha lilifunguliwa na mkono ukatokea ukipunga. Basi. Kati ya mama mzima, wao waligawiwa mkono tu.

Chiriku alitamani sana kuwa na mama yake. Alitamani harufu ya nguo mpya iliyokuwa haimtoki mikononi. Shuleni aliacha kusimulia, nyumbani akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Uchiriku wake ulibaki jina.

Jumapili moja baba alishuka pamoja na muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Chiriku alikuwa karibu, akayasikia yote.

"Dawa zinafanya kazi," muuguzi alisema, "lakini chakula hagusi. Dawa kali namna hii kwenye tumbo tupu zinamlemea. Asipokula, mwili utapata wapi nguvu ya kupona? Hakuna kitu anachokipenda?"

"Dada yangu, kila anachopenda kula nimeshamletea," baba alijibu.

"Sikusema cha kula."

Maneno hayo yalimganda Chiriku akilini njia nzima. Mama yake alipenda nini? Alipenda kucheka. Wiki ile Chiriku alichukua soksi kuukuu, akazishonea macho ya vifungo, akatengeneza vikaragosi. Alimfundisha mdogo wake, ambaye kwa kupenda chakula aliitwa Tonge, namna ya kukichezesha kimoja. Jumapili walijificha nyuma ya boksi kubwa chini ya dirisha, wakaanza mchezo kwa sauti kubwa.

"Nyie!" Mlinzi wa hospitali alikuja mbio. "Hapa kuna wagonjwa, si uwanja wa mpira!"

Ikabidi vikaragosi viendelee bila sauti. Mkono wa mama ulipunga kidogo, kisha pazia likafungwa. Baba aliposhuka, Chiriku alimkimbilia.

"Amesemaje?"

"Amefurahi," baba alisema, akitazama viatu vyake.

"Baba, niambie kweli."

Baba alivuta pumzi. "Ameona visogo vyenu, mwanangu. Visogo na boksi. Kutoka juu kule vikaragosi havionekani."

Chiriku alivitupa vikaragosi ndani ya boksi na hakutaka kuviona tena. Alilia hadi wakafika nyumbani, na hakuona haya kulia.

Siku chache baadaye Tonge naye aliangua kilio, anamtaka mama. Chiriku alipanda juu ya kigoda kirefu na kipana cha mama, akashusha gunia la mabaki ya vitambaa lililokuwa juu ya kabati, akammwagia Tonge vyote sakafuni. Tonge alivinusa kimoja kimoja, akatulia, akaanza kuvipanga awe na barabara ya kupitishia magari yake ya vizibo. Chiriku alipopanda tena kurudisha gunia, alitupa jicho chini. Vitambaa vya buluu vya sare za shule vilikuwa barabara inayopinda. Vya njano vilikuwa nyumba. Picha nzima ilimtazama kutoka sakafuni.

"Tonge, usisogee!"

"Sijafanya kitu!" Tonge alijibu haraka, kama mtu aliyezoea kusingiziwa.

Jioni hiyo Chiriku alimweleza baba mpango wake, na kesho yake baba akaenda kuomba ruhusa hospitalini. Mlinzi alikubali kwa masharti mawili: wasipige kelele, na wasiache hata uzi mmoja uani.

Jumapili ilipofika walibeba gunia, pamoja na mfuko wa kokoto za kuzuia vitambaa visipeperuke. Chiriku alitandaza mabaki meusi ya suruali, yakawa mwili wa cherehani mkubwa kama kitanda. Vipande vya kijivu vikawa gurudumu na sindano. Nyuma yake aliweka kigoda cha vitambaa vya kahawia, kitupu. Kisha akaunganisha vipande vyekundu kimoja baada ya kingine, uzi mrefu ukitoka kwenye sindano, ukavuka ua wote mpaka kwenye ukuta wa wodi, chini kabisa ya dirisha la mama.

"Mnaanika matambara?" mlinzi aliuliza.

"Tunachora," Tonge alimjibu.

Mlinzi alicheka puani. Lakini upepo ulipoinua ncha ya uzi mwekundu, ni yeye aliyeukanyaga kwa kiatu chake, akasimama hapo hapo.

Dirisha lilifunguliwa. Safari hii haukutokea mkono tu. Alitokea mama mwenyewe, amekonda, muuguzi amemshika bega. Alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani, akauzungusha tena.

Chiriku alielewa papo hapo. Gurudumu! Alikuwa ameliweka kushoto, na kila mtu anajua gurudumu la cherehani liko mkono wa kulia wa fundi. Mtoto wa fundi nguo, anakosea hilo! Masikio yalimchoma kwa aibu. Alikusanya vipande na kokoto zake, akalihamishia gurudumu upande wa pili, akainua macho.

Mama alikuwa akitikisa kichwa. Alionyesha kwa mikono yote miwili: rudisha, rudisha. Chiriku hakuelewa, lakini alilirudisha. Mama akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

"Mama analia?" Tonge aliuliza.

"Sijui," Chiriku alisema, na kweli hakujua.

Baba alishuka akiruka ngazi kama kijana. "Amecheka!" alisema akihema. "Alisema, 'Mwangalie fundi wangu, gurudumu kaweka wapi!' Akacheka mpaka akakohoa. Ulipolihamisha akanyamaza. Akasema, 'Mtoto hajakosea. Akiwa amekaa mkekani mbele yangu, hivyo ndivyo anavyoiona.' Ndipo akalia."

"Halafu?"

"Halafu akaomba supu."

Chiriku alianza kuongea pale pale uani, na hakunyamaza mpaka walipofika nyumbani.

Kila Jumapili alichora picha nyingine: samaki, basi, Tonge akila. Wagonjwa wengine nao walianza kuchungulia madirishani. Mama hakupona kwa siku moja. Muuguzi alisema waziwazi kwamba ugonjwa uliuawa na dawa alizomeza kila siku bila kuruka. "Lakini picha zako," alimwambia Chiriku, "zilimfanya ashike kijiko."

Hatimaye daktari alimruhusu mama kurudi nyumbani. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kigoda chake, akakitoa kile kitambaa cheupe, akapitisha kidole juu ya cherehani. Hakikushika vumbi. Chiriku alikaa mkekani, mahali pake.

"Mama," alisema, "mimi sikuwa na furaha kama ulivyodhani uliponiona kutoka dirishani. Nilikuwa nakulilia hata nikiwa napanga vitambaa. Nikivishika ndipo nilipokukumbuka zaidi."

"Najua, mwanangu. Na mimi nilikukumbuka zaidi nilipoviona. Kumkumbuka mtu si kosa. Lakini huzuni ukikaa nayo tu, inakukaba koo, kama ilivyokukaba wewe ukaacha kusema. Wewe uliipa kazi. Ulichukua matambara yaliyokuwa ndani, ukayafanya kitu cha kunifurahisha mimi, na furaha ikakurudia na wewe. Hata ulipoona vikaragosi havifai, ulianza upya. Siku nyingine shida ikikufika, usingoje iondoke ndipo uanze. Tazama ulicho nacho karibu, uanze nacho."

Kisha akajisogeza, akaacha nafasi kwenye kigoda.

"Sasa toka huko mkekani. Njoo ukae upande huu, uone gurudumu liko wapi."

Chiriku alikaa, bega kwa bega na mama yake. Mikono ya mama ilinuka dawa bado, lakini chini ya dawa kulikuwa na ile harufu ya nguo mpya.

"Haya, endelea," mama alisema. "Habari za shule. Leo masikio yote mawili ni yako."

Chiriku alishika gurudumu kwa mkono wa kulia, akaanza kusimulia.