Mpira Uliobanduliwa Ukutani

Mpira ulikuwa umeibwa. Si wa kuchezea. Ulikuwa mpira wa vigae vyeupe, ukubwa wa chungwa, ndani ya glavu ya mdakaji kwenye picha kubwa ya vigae iliyobandikwa kwenye ukuta wa kuzuia bahari, mtaani Punta Almendro, San Pedro. Palibaki shimo la saruji.

Inspekta Fiordaliza Paulino alichuchumaa, akalitazama kwa muda mrefu. Picha ilikuwa izinduliwe Jumapili.

Ilionyesha ile fainali ya besiboli ya mwaka 1961, ambayo Punta Almendro huisimulia kana kwamba ilichezwa juzi. Clodomiro Severino wa Mtaa wa Chini anajirusha mavumbini kuiwahi besi ya mwisho, kituo cha kumalizia mbio. Angefika, kombe lingekuwa lao. Lakini Egbert Phipps, mdakaji wa Mtaa wa Juu, anamgusa kwa glavu yenye mpira kabla hajafika. Mkimbiaji akiguswa hivyo ametolewa, na mchezo uliishia hapo.

Tangu siku hiyo Severino aliitwa Nusura. Walimwita hivyo kinyozi, padri, na watoto ambao hata baba zao hawakuwa wamezaliwa wakati ule. Yeye alicheka nao, maana angefanya nini?

Koplo Liranzo alikuwa na mshukiwa tayari. Wiki iliyopita Casilda, binti wa Severino, alimjia juu msanii aliyeitengeneza picha mbele ya watu, akamwambia ataibomoa ile picha kwa mikono yake. Mzee wake alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, na daktari hakuwa akizungumzia tena mwezi ujao.

Walimkuta Casilda jikoni akiponda ndizi za kuchemsha.

"Jana alasiri, ile mvua ilipowafukuza watu barabarani, ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa. Namkanda baba kifua."

"Nani alikuona?"

"Baba. Na Mungu."

"Ulisema utaibomoa ile picha."

"Nilisema, afande, na sijutii. Mtu anakufa na aibu yake mnaenda kumbandikia ukutani, tena Jumapili mlitaka tumbebe akakae chini yake, apigiwe makofi." Aliendelea kuponda. "Ila ningekuwa mimi, ningeshika nyundo. Mngekuta kifusi, siyo kitundu."

Inspekta alimwamini. Mwenye hasira hupiga popote, lakini huyu mwizi alibandua taratibu kwa patasi, na hakuna kigae cha jirani kilichopata hata ufa.

Waliporudi eneo la tukio, mtaalamu wa alama za vidole aliwaita. Mvua ya jana ilikuwa imegeuza vumbi la saruji kuwa tope, na mwizi alijishikiza ukutani alipokuwa akiinuka. Alama ya kiganja cha kulia ilikuwa imekauka vizuri. Vidole viwili vya mwisho vilipinda kwenda nje, kama vilivunjika vikaunga vyenyewe.

Liranzo alidhani ni kilema. Inspekta alikuwa na wazo jingine. Mjomba wake alikuwa mdakaji, akawa na mkono kama ule. Ni mkono usiovaa glavu, na mpira ukipotea njia huishia kwenye vidole vyake.

Alikwenda peke yake hadi dukani kwa Wachina, ambako wazee hucheza domino kibarazani. Egbert Phipps alikuwa anawachapa wenzake huku anawadhihaki. Inspekta alimsalimu kwa adabu, akampa mkono. Alipoupata hakuuachia.

"Mzee wangu, mkono huu nimeuona asubuhi ukutani."

Mzee aliweka vipande vyake vya domino mezani. Aliinuka polepole, wakasogea mbali na meza.

"Mpira unao?"

Aliutoa mfukoni, umefungwa kwenye leso.

"Kwenye picha ile wewe ndiye shujaa. Kwa nini ujiharibie?"

"Kwa sababu haukuwemo, binti yangu."

"Haukuwemo wapi?"

"Kwenye glavu. Ulinidondoka. Nilimgusa kwa glavu tupu. Vumbi lilitimka, mwamuzi hakuona. Nikauokota mchangani, nikauinua juu, watu wakanibeba." Aliirudisha leso mfukoni. "Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nikasema nitawaambia kesho. Uongo wa mdomoni niliuzoea. Huu wa ukutani nimeshindwa kuupita. Nikamate tu."

Kisheria, kuharibu mali ya umma ni kosa, na maungamo alikuwa nayo. Inspekta alimwonea huruma, na alimkasirikia pia.

"Nitaandika maelezo yako," alisema. "Lakini mimi siye niliyekuwa nakimbia siku ile. Twende."

Casilda aliwafungulia bila karibu. Severino alikuwa ameegemezwa mito mitatu, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu. Egbert alivua kofia, akauweka mpira wa vigae juu ya shuka.

"Miro, nilikugusa na glavu tupu. Mpira ulikuwa chini. Jumapili nitasema mbele ya watu wote, na msanii ataubandika kwenye mchanga wa picha, pale ulipokuwa."

Mgonjwa aliupapasa ule mpira.

"Glavu ilikuwa laini," alisema hatimaye. "Ikiwa na mpira huuma. Nilimwambia mke wangu mpaka akachoka kunisikia. Mwisho na mimi nikaamini nilitolewa." Akakohoa. "Mshenzi mkubwa wewe, Egbert."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii unanikaribisha domino."

"Ndiyo, Miro."

Severino aliutafuta ule mkono uliopinda, akaushika. Alilia bila kujificha, na mwenzake pia.

"Kwa hiyo nilifika?"

"Ulifika."

"Sema tena."

"Ulifika, Miro."

Akageuza kichwa kumtafuta Casilda, aliyesimama mlangoni amejiziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni.

"Kwa sauti," akasema. "Mtoto wangu asikie."

Egbert Phipps akasema kwa sauti.