Mukeka Wenye Hauko kwa Liste

— Siyo kosa yangu. Liste ya mutihani ilikuwa imejaa.

— Liste haiwezi kujaa, mwalimu. Karatasi ndiyo inajaa. Unaunga ingine.

— Unanibishia?

— Nakuuliza jina langu liko wapi.

Mwalimu Amuri alikamata kinga, baiskeli yake, na mikono miwili. Sidonie, mutoto wa kalasi ya sita, alikuwa anaanika mikeka ya mama yake kama kila asubuhi. Mutihani wa kumaliza primeri ulikuwa kesho kutwa. Bila mutihani, hakuna segondeli, masomo ya juu, na mjomba wake wa kijiji cha Lusangi alishasema: akikosa, anakuja kulima kwangu.

Yeye na mama yake, Julienne, walifika Kasongo katikati ya mwaka, kwa miguu toka Wamaza, sababu ya vita. Kwa kalkili, hesabu za masomo, hakuna mutoto aliyemupita Sidonie.

— Kule biro ya mutihani walikata majina, mwalimu akasema. Kila liste iko na mwisho. Ingekuwa infini, bila mwisho, kila mutu angeingia. Infini inaingiza vyote, nilishawafundisha.

— Haiingizi vyote.

— Kitu gani kinapita infini?

— Infini ingine.

Mama Julienne hakuinua macho kwa mukeka aliokuwa anafuma.

— Umemuchokoza mwenyewe, mwalimu. Sasa kaa.

Sidonie akaonyesha mikeka. Kwenye ile kiwanja majirani wote walianika pamoja, na watu walikuwa wanabebeana mikeka bila kujua. Mama Julienne akapata akili ya kutambua wake. Uzi wa kwanza, anaangalia mukeka wa jirani wa kwanza: kama wake unaanza na mweupe, yeye anaweka mweusi. Uzi wa pili, anaangalia uzi wa pili wa jirani wa pili, anageuza rangi. Anaenda hivyo mpaka jirani wa mwisho. Mukeka wake haufanani na wa mutu yeyote.

— Sasa weka majirani bila mwisho, Sidonie akasema. Moja, mbili, tatu, usisimame. Na kila mukeka nao usikatwe, uzi baada ya uzi. Mama anafanya vile vile. Mukeka wake utakuwa wa ngapi kwa liste yako?

— Wa kumi.

— Uzi wake wa kumi umegeuzwa, haufanani na wa mukeka wa kumi.

— Wa elfu, basi.

— Uzi wa elfu umegeuzwa.

Mwalimu akaegemeza kinga kwa ukuta.

— Nitauweka juu kabisa, uwe wa kwanza.

— Mama anafuma mwingine tena kwa liste hiyo mupya. Hautamaliza.

Mwalimu akachuchumaa, akachora kwa vumbi: mweupe, mweusi, mweupe. Alichora, akafuta, akachora tena.

— Moja, mbili, tatu haina mwisho, akasema polepole. Mikeka nayo haina mwisho. Lakini hazilingani. Infini ya mikeka inapita.

— Inapita. Hata uhesabu milele, kuna wenye wanabaki nje.

Mwalimu akafuta michoro na kiganja. Kiisha akasema, bila kumuangalia mama:

— Mama Sidonie, biro hawakukata kitu. Nilinakili liste ya mwanzo wa mwaka. Sidonie hakuwa amefika bado. Nilisahau. Nilipojua, nikaogopa, nikadanganya.

Mikono ya Mama Julienne ikasimama.

— Ulijua lini?

— Mwezi umepita.

— Na sasa?

— Jana nilienda biro. Juzi nilienda. Walishafunga liste. Ni mwaka ujao.

— Mwaka ujao, mama akasema. Mwalimu, sisi hata mwezi ujao hatuujui.

Kutoka kwa majirani harufu ya mawese ilikuwa inakuja. Mwalimu akasimama, akapangusa mikono.

— Sidonie, sikia, hata kama haitakusaidia. Mutu akiandika liste, asihesabu wenye wamo. Atafute kwanza mwenye hayumo. Na akikosea, aseme siku ile ile, wakati njia iko bado. Mimi nimesema leo, na leo haifai kitu.

— Nimesikia, mwalimu.

— Uko na akili kunipita.

— Andika hiyo basi.

Mwalimu akapeleka mukono kwa mufuko wa shati, penye kalamu. Hakuitoa.

Sidonie akanyoosha mukeka wa mwisho juani, akaweka jiwe kila pembe upepo usiubebe. Kiisha akachukua bidon, akageuka, akaenda kuteka maji.