Tarehe Juu ya Karatasi

Saa sita kamili mchana programu ya kusajili vifo ilisimama, na chumba cha mashine kikanuka nywele zilizoungua. Dada Mistari, jina alilopewa na wenzake kwa kazi yake ya kusoma programu mstari kwa mstari, alikagua nyaya zote. Hakuna iliyoungua.

Mashine ilitoa karatasi moja yenye anwani, yaani namba ya mahali iliposimama ndani ya programu, pamoja na jina iliyokuwa ikilisoma. Lilikuwa jina la mlinzi wa getini, mzima wa afya, aliyemtania asubuhi ile ile. Alasiri mlinzi alizimia, akaamka na homa. Kesho yake, saa ile ile, harufu ile ile, likatoka jina la mfagiaji. Naye akazimia, akaamka.

Siku ya tatu lilitoka jina la kitinda mimba wa Dada Mistari mwenyewe, binti wa miaka sita.

Alipiga simu nyumbani. "Ameanguka uani, ila ameshaamka," mama yake, bibi wa mtoto, alinong'ona. "Anasema kuna mtu mrefu mlangoni. Eti amekatazwa kuingia."

Mkuu wa ofisi alitaka programu iwashwe tena saa nane, liwalo na liwe. Dada Mistari akampigia mzee aliyeiandika, ambaye sasa alikuwa amestaafu. "Nakuja, mwanangu," alisema. "Usiguse kitu."

Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiuma ni la mama mzazi. Akavuta rafuni lile bunda la karatasi ambazo mashine huchapa kila programu inapotafsiriwa kwa lugha ya mashine, kushoto anwani, kulia sentensi zenyewe, akateremsha kidole huku harufu ikimjaa puani na kitu kikipumua nyuma ya kabati, akaifikia anwani ya siku zote tatu, na mbele yake akasoma: KAMA YUKO HAI, MWACHE.

Programu ya wafu ina haja gani na walio hai? Akaufuta mstari ule, akaitafsiri programu upya, akaiwasha. Ikaenda bila kusita. Harufu ikatoka chumbani, naye akacheka peke yake kwa furaha.

Mzee aliingia akihema. Hakuangalia mstari. Aliangalia juu ya ukurasa.

"Mwanangu, ulisoma tarehe?"

Bunda lilikuwa la mwaka uliopita. Baada ya hapo mzee aliongeza mistari, na anwani zote zikasogea. Akalitoa bunda sahihi chini ya meza, akaitafuta anwani ile ile. Mbele yake palikuwa na neno moja: MCHUKUE.

"Hili sikuliandika mimi," alinong'ona. "Kila nikilifuta, linarudi. Ndiyo maana nikaweka ule mstari mwingine juu yake, ulizuie. Wewe umefuta upi?"

Dada Mistari alimwambia. Mzee akakaa sakafuni.

Simu ikalia. Dada Mistari akaipokea. Alikuwa binti yake mwenyewe, sauti yake tulivu.

"Mama, yule mtu ameingia. Anasema ahsante."

Simu ikakatika. Nyuma yao mashine ilianza kuchapa, polepole, karatasi moja tu, cheti cha kifo, na mzee akanyoosha mkono amzuie asiitazame, lakini alikuwa ameshaivuta. Safari hii Dada Mistari alisoma tarehe kwanza.

Ilikuwa ya leo.