Mwoga wa Saruji

Jumamosi hiyo bustani ya sanamu ilikuwa na watoto wengi kuliko maua. Walining'inia kwenye pembe za faru wa chuma, wakateleza mgongoni mwa mamba wa mawe, wakagombania kukaa kwenye kiganja cha jitu la mbao lililolala nyasini. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo fundi miwani, mwanamume mrefu aliyevaa shati la kitani la samawati na viatu vipya vilivyokwisha kumbana. Dada yake alikuwa zamu kazini, na yeye kama mjomba mtu alijitwika kuwatembeza wapwa wake wawili: Chiriku, binti asiyefunga mdomo, na Bonge, mdogo wake aliyetaka kubebwa kila baada ya hatua chache.

Chiriku alimponyoka, akajipenyeza kwenye kundi lililozunguka sanamu moja, kisha akarudi mbio amejaa furaha.

"Mjomba, njoo ujione," alisema. "Wamekutengeneza."

Fundi alimfuata akicheka. Ilikuwa sanamu ya saruji ya mwanamume anayenyata, mgongo ameupinda, viatu kavishika mkononi, shingo kaigeuza nyuma kama mwizi wa kuku. Watoto walipanga foleni kumpanda mgongoni. Baba mmoja alikuwa akimpiga picha mwanawe aliyeingiza vidole viwili puani mwa yule mtu wa saruji. Chini kulikuwa na kibao chenye neno moja: Mwoga.

Kicheko kilimkauka. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa na pengo, palepale alipong'atwa na mbwa alipokuwa mdogo. Miwani ilisokotwa kwa waya wa shaba, kwa umbo lilelile la miwani iliyokuwa usoni mwake. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kulijua sikio lile kwa karibu kiasi hicho.

Aliinua macho akamwona. Mchongaji alikuwa amesimama chini ya turubai, akiwafundisha watoto kufinyanga udongo. Alivaa ovaroli lililotapakaa chokaa, kitambaa chekundu kichwani, na hereni za shaba alizozitengeneza mwenyewe. Alikuwa ameshamwona kitambo, naye alikuwa akitabasamu.

Walikuwa wamependana, tena sana. Walikutana dukani kwa fundi, mchongaji alipopeleka miwani iliyokwaruzika kwa vumbi la mawe. Baada ya hapo akawa anarudi kila mara kukazwa skrubu, mpaka fundi akagundua kwamba alikuwa akizilegeza mwenyewe. Walipangiana siku ya fundi kwenda kujitambulisha kwa Shangazi, aliyemlea mchongaji tangu utoto. Siku hiyo chakula kilipoa mezani, mgeni asionekane. Baadaye jirani akaeleza kwamba alimwona kijana mmoja akifika mlangoni na kuvua viatu, kisha akaondoka kwa kunyata, viatu mkononi. Mchongaji alipiga simu mpaka akachoka. Haikupokelewa. Alilia, akamaliza kulia, akafungua mfuko wa saruji.

Sasa fundi alimwendea, Bonge kifuani, na kumwambia kwa sauti ya chini aiondoe sanamu ile.

"Watoto wanaipenda," mchongaji alijibu bila kuacha kufinyanga. "Halafu huyu nilikaa naye vizuri. Hajawahi kunikimbia."

Fundi akaenda kwa mkuu wa bustani. Mkuu alimsikiliza kwa adabu, akamwambia sanamu haina jina la mtu, hivyo hakuna aliyetukanwa, ila kama mwenyewe angependa kutangaza kwamba mwoga ni yeye, hilo halimhusu. Fundi alitoka ofisini masikio yakimwaka moto. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsikia hata Chiriku. Alikuwa akipanga.

Jumamosi iliyofuata alirudi na wapwa zake. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti jeusi kama anayekwenda mahakamani. Alisimama bega kwa bega na sanamu, akageuza shingo kama ilivyogeuza, mpaka watu wakaanza kunong'onezana. Ndipo akasema, kwa sauti iliyofika chini ya turubai, kwamba ndiyo, mwoga ni yeye, na anayetaka kujua alikuwa anakimbia nini asogee.

Walisogea wengi. Aliwasimulia jinsi alivyofika kuomba mchumba, akavua viatu mlangoni, na kabla hajagonga akasikia sauti ya mpenzi wake ndani. Maneno aliyoyasikia aliyarudia polepole, ili kila mtu ayapate.

"Yule ni wa kunipunguzia upweke tu, Shangazi. Akipatikana wa maana, nitamwacha."

Vichwa vikageuka kuelekea kwenye turubai. Mama mmoja akamshika mtoto wake mkono na kumwondoa kwenye meza ya udongo. Mchongaji alibaki amesimama, donge la udongo likimpasukia viganjani. Fundi alimtazama na kuona utamu wa kulipiza kisasi. Aliusikia mpaka alipofika getini, akashangaa kwamba ulikuwa umeshakwisha.

Simu ililia jioni, akiwa bado anawaosha watoto miguu. Aliitazama ikilia, kisha akaipokea.

"Kwa hiyo ulisikia," mchongaji alisema.

"Nilisikia."

Alimweleza bila kujipamba. Shangazi alikuwa amemsakama tangu asubuhi, kwamba msichana mzima amekosa wanaume mpaka anaangukia kwenye kibanda cha miwani. Mgeni alikuwa njiani, naye aliogopa akute ugomvi. Akasema lile neno ili bibi yule anyamaze.

"Ukaniuza upate utulivu," fundi alisema.

"Ndiyo. Nilikuuza. Na wewe hukugonga mlango."

"Sikugonga."

"Ungegonga ungenikuta naona aibu. Ungenitukana, ningekuomba radhi, yakaisha. Ulinyata. Kibao sikukosea kukiandika."

Fundi aliwafuta watoto miguu, maji yakiwa yameshapoa kwenye beseni. Kisha akasema hakukosea, lakini radhi ya kwenye simu haitaki. Anataka ukweli usemwe mbele ya Shangazi huyohuyo, naye akiwepo anasikia.

Jumamosi iliyofuata, fundi na wapwa wake wakiwa wameshafika, Shangazi alikuja bustanini na mwavuli, amevaa gauni refu la kijani na viatu visivyofaa nyasi. Mchongaji alivua kitambaa kichwani, akafuta mikono kwenye ovaroli. Watoto walikuwa wamejaa meza nzima, hakuwafukuza.

"Shangazi, siku ile nilikudanganya," alisema. "Huyu sikumtaka kwa upweke. Nilimpenda, nikaona aibu mbele yako. Aibu hiyo ndiyo inayoniumiza sasa, kuliko kukimbiwa."

Shangazi alimkagua fundi, akaikagua sanamu, akarudi tena kwa fundi.

"Nilijua unadanganya," alimwambia mpwawe. "Mwanamke hajipaki wanja tangu alfajiri kwa ajili ya mtu wa kupunguzia upweke. Nilinyamaza nikisubiri aingie nimwone. Hakuingia."

Mchongaji alimgeukia fundi, macho yamejaa, akanyoosha mkono. Fundi alisema asante, alichokitaka amekipata. Akambeba Bonge, akamshika Chiriku, akaondoka mbele ya watu wote, asiangalie nyuma hata mara moja. Nyuma yake mkono ulibaki hewani, una mabaki ya udongo, hauna wa kuushika. Alikuwa amekusudia hivyo hivyo.

Wiki ile aliharibu lenzi kwa lenzi. Wateja walipewa miwani iliyowafanya wapepesuke. Mwishowe akafunga duka mchana kweupe, akapiga simu.

"Bonge kasahau kobe wake wa udongo mezani kwako," alisema. "Analia."

"Kobe kakauka. Kavunjika mguu." Kisha mchongaji akauliza: "Bonge ndiye anayelia?"

"Bonge pia."

Hakuna aliyecheka. Fundi alimwambia bado ana hasira naye. Mchongaji akajibu kwamba na yeye anazo zake, tena mpya kabisa, maana aliachwa ameduwaa mbele ya shangazi yake kwa makusudi.

"Nilitaka uonje," fundi alikiri.

"Nimeonja. Uliponionjesha ulifurahi?"

"Mpaka getini tu."

"Mimi nilifurahi mpaka saruji ilipokauka." Aliposema hivyo sauti yake ililegea. "Njoo na hasira zako, laazizi. Sitaki uziache nyumbani zikakumalizia hamu ya kuniona."

Fundi aliegemea kaunta, akavua miwani, akajikanda macho.

"Ile sanamu utaiondoa lini?"

"Siiondoi."

"Hata tukioana?"

Upande wa pili nyundo zilikuwa zikigonga na watoto wakipiga kelele. Mchongaji alisogea mbali nao kabla ya kujibu.

"Hata tukioana," alisema. "Na siku utakayonikera nitamwongezea mkia."

"Basi weka saruji karibu," fundi alisema, "maana nitakukera."