Faili la Nane

Jumamosi hiyo asubuhi Zephaniah, shemasi wa kanisa letu pale Remera, alikuwa anakunywa chai, hana neno na mtu. Spéciose, mjane wa Frederick, Mama Shami tunavyomwita, akaingia na kompyuta kwapani. Akakaribishwa kikombe.

Frederick alikuwa na chumba cha gemu za zamani. Wote tulimjua. Na wote tulimsikia Zephaniah akishuhudia kanisani kwamba Frederick anafuga kifurushi cha kichawi ndani ya kompyuta, kimeandikwa USIFUNGUE, kama hirizi. Tukasema amina. Mungu atusamehe. Frederick akahamia Busanza, akafia huko bila hata mmoja wetu kumjulia hali.

“Kifurushi ndicho hiki,” Spéciose akasema. “Fungua, shemasi. Kesho useme kanisani ulichokiona.”

Zephaniah akakemea kwa jina la Yesu, ndipo akabofya. Mafaili saba.

“Mashine ya zamani ya hii gemu ilikuwa na chipu saba,” mjane akamweleza. “Kila faili iko chipu moja. Hii picha, hii sauti. Kompyuta inasoma yote yakiwa yamefungwa pamoja. Ukitawanya, gemu haichezi. Sasa uchawi iko wapi?”

Haukuwepo. Zephaniah alilijua hilo moyoni.

“Utasema?”

“Acha kwanza niombe, Mama Shami.”

“Yooo! Baba Shami hukumwombea kwanza. Ulisema tu.”

Akajifanya hakusikia. Akaiwasha gemu, wabadili mazungumzo. Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe yakatokea:

FAILI MOJA HALIPO: ZEPHANIAH.

“Umeandika wewe,” akanong'ona.

“Kwa mkono gani, shemasi?”

Mikono ya mjane yote miwili ilikuwa imeshika kikombe.

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Zephaniah akasimama. Akaangaza huku na huku. Spéciose hayupo. Akamshukuru Mungu kwa mvua, akaketi.

Tukaitika amina. Naye akataka kuitika. Midomo ikacheza. Sauti haikutoka.

Haijatoka mpaka leo.

Saa ileile, kule Busanza, gemu ilijiwasha yenyewe. Spéciose akafungua kifurushi, akahesabu. Nane. La nane lina tarehe ya siku hiyo.

Tumekwenda kulisikiliza. Linaanza na kikohozi, kile kikohozi cha Zephaniah tunachokijua. Kisha: “Nilimsingizia Frederick.”

Pumzi.

Kisha linataja majina yetu, mmoja mmoja, tuliosema amina.