Mkutano Uliokatika Kabla ya Bei

Madungu, mjini Chake Chake, kuna baraza moja ambayo baada ya alasiri haikosi watu. Ni baraza ya Bi Mwanawema. Wanawake hukaa hapo wakashona kofia. Si kofia za mashine. Ni kofia za mkono, nyeupe, zenye viua na vitundu vidogo vidogo. Watu husema vitundu vya Bi Mwanawema ni vidogo hata sisimizi akitaka kupita, huambiwa kwanza avue viatu. Anayebisha na akamuulize sisimizi.

Mumewe, Bwana Masoud, alistaafu kazi bandarini Mkoani. Kazi aliiacha, lakini sauti ya bandarini alirudi nayo. Akikohoa barazani, kunguru wa Madungu huhamia Wete. Yeye ndiye mwenye simu kubwa, basi wanawake wakamfanya katibu wao.

Kofia moja si kazi ya siku moja wala ya wiki moja. Macho huuma, mgongo huuma, vidole huota sugu. Na ikisha, mnunuzi alikuwa mmoja tu, dalali Jaribu. Jaribu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake tu, na mnunuzi akiwa peke yake, bei huipanga yeye.

Siku moja ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Masoud. Ulitoka Maskati, Omani. Aliyeutuma ni Suhaila, mwenye duka la nguo za kiume. Babu yake alizaliwa Vitongoji.

"Bi Mwanawema," alisema Suhaila, "nimeona picha ya kofia zako. Lakini picha haitoshi. Nataka nizione mkononi mwenu, niuone mshono, tuzungumze bei na muda. Tufanye mkutano wa video. Chagueni programu iliyo rahisi kwenu, mnitumie linki."

Bi Mwanawema aliisikiliza sauti ile, akairudia. Akawaambia wenzake, "Jamani, tukimpata huyu, hatutamngoja tena Jaribu mlangoni."

Kisha akamgeukia mumewe. "Programu ipi sasa? Nasikia zipo nyingi."

"Niachie mie," alisema Masoud. "Mpwa wangu Dar yuko kampuni kubwa. Wao wana moja, inaingiza watu elfu kwa pamoja!"

"Sisi tuko sita, babake Nusaiba."

"Na tukizidi?"

Bi Mwanawema akarudi kwenye sindano yake. Masoud akaipakua ile ya mpwa, ya bure. Hakuuliza masharti yake. Hakuijaribu. Linki akamtumia Suhaila. Halafu, kwa furaha, akaitupa pia kwenye kundi la simu la ukoo mzima, ili ndugu wajue kuwa yeye sasa ana mkutano wa kimataifa.

Siku ikafika. Wanawake wakavaa vizuri. Masoud akaishika simu mkononi, akiihamisha mkono huu mpaka ule kama anayemenya muhogo wa moto. Suhaila akatokea kwenye skrini.

"Asalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam warahmatullah!" aliitikia Masoud. Huko Maskati wateja dukani wakageuka.

Sasa, Pemba humsalimii mtu peke yake. Unamsalimia na ukoo wake. Masoud akauliza hali ya Suhaila, ya mumewe, ya watoto, ya mama mkwe. Akauliza kazi, joto na mvua za kwao. Akagundua kuwa alimjua babu yake, basi wakamwombea dua marehemu, kila mtu akaitikia amina. Kisha wanawake nao wakasalimia, mmoja baada ya mmoja. Nani angekubali kurukwa?

Mara kwenye skrini ikatokea sura nyengine. Alikuwa Mmanga, binamu wa Masoud kutoka Wingwi. Anatafuna.

"Masoud! Nimeiona linki, nimeingia. Yule mbuzi wangu utamlipa lini?"

"Mmanga, toka! Huu mkutano!"

"Nami si nimekuja mkutanoni?"

Suhaila akacheka, Mmanga akatolewa kwa tabu. Bi Mwanawema akanyanyua kofia. Lakini picha ilikuwa inaganda. Kofia nyeupe mbele ya ukuta mweupe ikaonekana kama wingu.

"Mshono siuoni vizuri," alisema Suhaila. "Lakini tuzungumze. Sasa kuhusu bei, mimi naona..."

Skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maneno ya Kiingereza. Masoud hakuwa na miwani, akayafuta.

Bi Mwanawema akaishusha kofia.

"Katukatia," alisema Masoud. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Tumemchosha. Au ni ule mbuzi wa Mmanga."

"Mpigie tena."

"Simpigii. Mtu akikufungia mlango, hurudi ukabisha hodi."

Kutoka Maskati nako simu haikuja. Siku zikapita. Jaribu alisikia habari, maana habari Madungu hazihitaji mtandao. Akapita barazani, akatabasamu. "Kofia zangu vipi, kina mama?" Alisema "zangu" kabla hajazinunua. Neno lile lilimchoma Bi Mwanawema kuliko sindano.

Kesho yake alikwenda kununua uzi dukani kwa Burhan. Burhan ni mfanyabiashara wa vitambaa. Wazee wake walitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa Chake, na ukimfumba macho msikilizaji, hajui kama huyu si mtu wa Vitongoji. Vitambaa vyake huviagiza mbali, na mazungumzo na wauzaji huyafanya kwa video.

"Uzi huu tu?" aliuliza Burhan. "Dada Mwanawema, uzi huu unashona kofia au unafunga kidonda?"

Bi Mwanawema akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akamweleza yote. Salamu, dua, Mmanga na mbuzi, na Suhaila alivyokata simu neno la bei likiwa mdomoni.

Burhan akaweka chini futi yake ya kupimia vitambaa. "Hiyo programu ni ya bure?"

"Ya bure."

"Na mlizungumza muda gani?"

"Ah, tulisalimiana tu."

Burhan akacheka mpaka akashika meza. "Dada yangu, hakukufungia mlango. Mlango umejifunga wenyewe! Programu nyingi za bure zina kikomo cha muda. Muda ukisha, mkutano hukatika hata kama mtu yuko katikati ya neno. Nyinyi mmeumaliza wote kwenye salamu."

Bi Mwanawema akauweka uzi mezani. "Basi na yeye..."

"Na yeye anadhani nyinyi ndio mliokata. Alitaja bei, skrini ikazima. Ungekuwa wewe ungefikirije?"

"Astaghfirullah! Atasema tumekimbia bei yake!"

"Mtumie sauti sasa hivi. Mwambie ukweli."

Akaitoa simu ya Masoud, aliyoichukua kwa ruhusa, akazungumza palepale kati ya majora ya vitambaa. Alieleza, akaomba radhi. Burhan akaagiza chai, na hawajaimaliza, jibu likaja.

"Alhamdulillahi!" ilisema sauti ya Suhaila. "Bi Mwanawema, mie nimelala na huzuni. Nilidhani nimekosa adabu, nimetaja bei kabla salamu hazijesha. Mama yangu amenigombeza hasa! Nambieni lini tukutane tena."

Bi Mwanawema akainua mikono, akashukuru Mungu. Kisha akamwangalia Burhan. "Kaka, sasa nifundishe. Programu nzuri ni ipi?"

"Kanzu nzuri ni ipi?" alijibu Burhan.

"Ya nani? Mrefu au mfupi?"

"Umeshajijibu. Hakuna programu nzuri kwa kila mtu. Ile ya mpwa ni nzuri kwa kampuni ya watu elfu. Wewe pima mwili wako kwanza. Mko wangapi?"

"Sita, na mgeni wa saba."

"Mnatumia nini, kompyuta?"

"Simu hii hii."

"Basi itafutwe inayokwenda vizuri kwenye simu. Na mgeni aweze kuingia kwa kubonyeza linki, bila kujisajili safari ndefu. Mtandao kwenu ukoje?"

"Sebuleni hafifu. Chumba cha uani, dirishani, ni mzuri."

"Kaeni dirishani. Na ichaguliwe ile ambayo mtandao ukishuka, picha inapungua lakini sauti haikatiki. Video inakula bando kuliko sauti, basi bando liwe la kutosha kabla hamjaanza. Sasa kubwa kuliko yote, mgeni wako yuko wapi?"

"Maskati."

"Muulize kwake ipi inapita. Nchi nyengine haziruhusu kila programu ya kupiga simu kwa mtandao. Unaweza kuchagua nzuri kwako, yeye isimfungukie."

Bi Mwanawema akatikisa kichwa. "Hilo hata hatukuliwaza. Na Mmanga?"

"Mmanga hana kosa, alikaribishwa. Linki ni kama ufunguo wa nyumba. Mpe mgeni wako tu. Na programu nyingi zina chumba cha kungojea. Mtu akija, hukaa nje mpaka mwenye mkutano amfungulie. Iwashe hiyo. Na usipakue kitu ulichotumiwa na mtu usiyemjua. Chukua kwenye duka la programu la simu yenyewe."

"Nikilipia, si ndiyo bora?"

"Usilipie usichokijua. Ijaribu ya bure, soma masharti yake. Mikutano ikiwa mingi, muda ukiwa hautoshi, hapo ndipo ulipie ya mwezi mmoja, uone. Na kabla ya kuonana na mgeni, tujaribu mimi na wewe."

Bi Mwanawema akarudi nyumbani mbio, buibui likipepea. Masoud alipoyasikia, aliinamisha kichwa. "Kumbe nimemnunia mtu bure," alisema. Kisha akavaa miwani, na tangu hapo simu haigusi bila miwani.

Suhaila akawatajia programu mbili zinazofunguka kwake bila taabu. Wakazijaribu zote mbili, wao dirishani uani, Burhan dukani kwake.

"Hii ya kwanza sauti inakwendakwenda na kurudi," alisema Bi Mwanawema. "Kama unazungumza ndani ya mtungi."

"Nami nakuona una pua mbili," alijibu Burhan. "Haya, tuijaribu ya pili."

Ya pili sauti ilikuwa safi. Picha ilififia kidogo mtandao uliposhuka, lakini haikuganda. Masoud akayasoma masharti taratibu, akapiga simu kwa mpwa wake kuuliza maneno mawili ya Kiingereza. Muda wa bure wa programu ile ulikuwa mrefu, hata kwa salamu za Pemba. Wakaichagua hiyo.

"Simu isishikwe mkononi," alisema Burhan. "Iegemezeni kwenye kitu. Na kofia muiweke juu ya kitu cheusi."

Bi Mwanawema akatandika buibui lake la zamani mezani. Akaweka kofia juu yake. Burhan akapiga kelele dukani mpaka mteja akashtuka: "Nauona uzi! Wallahi nauona uzi mmoja mmoja!"

Siku ya mkutano wa pili, Masoud alituma salamu zake mapema kwa sauti. Alipewa nafasi ya kusalimu ukoo wote mpaka kizazi cha tatu. Mkutanoni akawa na kazi moja tu, kufungua mlango wa chumba cha kungojea. Aliketi kwenye simu kama askari. Suhaila alipobisha, akamfungulia. Mtu mwengine hakuingia.

Bi Mwanawema akazionesha kofia moja moja, taratibu, karibu na kamera. Akageuza ndani, akaonesha nyuma ya mshono, pale ambapo mshonaji mvivu huficha makosa.

Suhaila akainuka kitini. Kisha akasema, "Subirini, nimwite mama."

Mama yake akaja, mtu mzima, kajifunika mtandio. Akaisogelea skrini mpaka likaonekana jicho moja tu. "Hiki kiua," alisema, "mamangu alikuwa akikishona. Sijakiona tangu utoto wangu. Nani kakishona?"

"Ni mie, mama," alisema Bi Mwanawema.

"Mungu akuwekee macho yako, mwanangu."

Baraza nzima, iliyohamia uani, ikaitikia amina.

Bei ikazungumzwa, hakuna aliyekatwa. Wanawake walitaja yao, Suhaila akataja yake, wakakutana pahala pazuri kwa wote. Baada ya mkutano Suhaila akayaandika makubaliano katika ujumbe, Masoud akayasoma kwa sauti, na Madungu yote ikajua kuwa kofia zitakwenda Maskati kabla ya Idi.

Leo baraza ina washonaji kutoka Wingwi na Vitongoji. Mgeni akija na habari ya mkutano wa video, Bi Mwanawema humuuliza kwanza, "Mko wangapi? Mgeni yuko wapi? Mtandao ukoje?" Jaribu naye hununua bado, lakini sasa huuliza bei kwanza, tena kwa upole.

Bi Mwanawema alitaka kumshukuru Burhan. Pesa asingepokea. Akaamua kumshonea kofia, na iwe siri. Lakini Burhan alikuwa Dar kwa mwanawe Sarrah, na kichwa hakiwezi kupimwa kwa barua. Basi akampigia kwa video, akamsemesha mambo ya uzi, huku anakikadiria kichwa chake kwenye skrini kwa vidole.

Burhan aliporudi, akakabidhiwa kofia mbele ya watu. Viua vyake vilikuwa vizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Akaivaa. Ikakaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika.

Watu wakaziba midomo kuzuia kicheko.

"Kaka Burhan," alisema Bi Mwanawema, "kwenye simu kichwa chako kilikuwa kidogo!"

"Sikukwambia hilo," alijibu Burhan, macho yamemlowa. "Mshono utauonesha kwa video, dada. Kipimo, kichukue kwa futi."

Akaambiwa airudishe, atashonewa nyengine. Alikataa kabisa. Ijumaa ile aliivaa kwenda msikitini, mkono mmoja juu ya kichwa isianguke, na kila aliyemcheka alimsimamisha, akamwambia ni nani aliyeishona.